Bi Lempi na Barafu ya Paa la Nyuma

Bi Lempi Saarela ndiye mwanamke wa kwanza katika wilaya yetu kukabidhiwa lori la kusukuma theluji. Kwa miaka mingi watu wa mji wetu mdogo wa Laurium walijua kumekucha kwa kusikia jembe la lori lake likikwaruza lami mbele ya nyumba zao. Hakuolewa. Mabega yake yalikuwa mapana, sauti yake ilivuka barabara bila kuchoka, na alikuwa na nyumba mbili. Moja ilikuwa kijumba alichoishi mwenyewe, na mkabala nacho ilikuwa nyumba ya marehemu wazazi wake, ambayo aliigawa juu na chini akaipangisha.

Mimi nilipanga chini. Jina langu Norbert, mstaafu wa posta. Juu yangu alipanga Corinne, fundi wa magauni ya harusi, mama wa makamo aliyehamia kwetu kutoka Wisconsin na cherehani zake na paka mmoja mwenye kiburi. Corinne alifanya chumba cha nyuma kuwa karakana. Ukiingia humo ungedhani umeingia kwenye wingu: magauni meupe ukutani, magauni meupe mlangoni, na yeye katikati, pini mdomoni.

Kila theluji ilipoanguka, Bi Lempi alivuka barabara na reki yake ndefu, ile yenye mpini wa bomba, akasimama chini na kuikokota theluji kutoka ukingo wa paa mpaka ikashuka kwa kishindo. Alifanya hivyo kabla hajanywa kahawa. Ukimwuliza kwa nini asimlipe mtu, alikutazama kama umemtukana.

Majira yale ya baridi yalimkuta ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Daktari alimwambia asinyanyue kitu, asipande kitu, asisukume kitu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akavaa koti, akatuita mimi na Corinne jikoni kwake. Alitukatia mkate mtamu wa iliki, ule wa kusukwa, kisha akaweka reki mezani kati ya vikombe.

"Huu mzigo wenu sasa," alisema. "Theluji ikianguka, mnaivuta. Msingoje ikae."

"Bi Lempi, usiwe na wasiwasi," Corinne akajibu, mdomo umejaa mkate. "Hilo niachie mimi."

Na mimi nikasema hivyo hivyo. Matokeo yake kila mmoja wetu alimwachia mwenzake. Corinne alikuwa na maharusi wamempangia foleni, na mimi nilikuwa na mgongo wangu, ambao huwa mbovu zaidi kunapokuwa na kazi. Theluji ikaanguka, ikaangukiwa na nyingine. Kisha upepo wa joto ukaja kutoka kusini, wa siku chache tu, watu wakatembea vifua wazi kana kwamba ni Mei, na baada yake baridi ikarudi kwa hasira. Nilipotoka nyuma ya nyumba kumwaga majivu, nilikuta mikuki ya barafu imening'inia kutoka paani hadi karibu na kichwa changu, na juu yake, kwenye ukingo wote wa paa, barafu imejijenga ukuta, nene kama mto wa kulalia, ya bluu.

Nilijua maana yake. Kila mtu kwetu anajua. Theluji ya juu inayeyuka polepole, maji yanateremka, yanafika ukingoni penye baridi na kuganda. Ya nyuma yao yanakuja na kukuta njia imezibwa. Yanasimama, yanatafuta pa kupita, na pa kupita ni chini ya vigae, ndani ya nyumba yako.

Nikaingia ndani nikajifanya sikuona. Muda si muda nikasikia Corinne akipiga kelele juu.

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka pembe ya dari ya karakana, ya rangi ya chai ya rangi, tena si tone moja moja. Yalishapita begani mwa gauni moja na kuteremka nalo mpaka kwenye mkia wake mrefu. Tuliyabeba magauni yote kwa mikono miwili, kama majeruhi, tukayalaza kitandani kwake na kwenye makochi yangu. Halafu Corinne akavuka barabara na kandambili zake za manyoya, bila koti, na mimi nikamfuata.

"Bi Lempi," alisema mlangoni, "mimi hapa nalipa kodi ya nyumba. Sikuambiwa nalipa na kodi ya mvua."

Bi Lempi alitutazama mmoja baada ya mwingine. Hakuuliza kama tulivuta theluji. Alisimama kwenye kona ya nyumba yake, akainua macho kwenye paa la ng'ambo.

"Mmeiacha ikakaa," alisema.

"Tumeiacha ikakaa," nikakubali.

"Haya. Corinne, una soksi ndefu? Zile za kuvaa na gauni?"

"Soksi? Ninazo sanduku zima."

"Zilete. Na wewe Norbert, nenda kanunue chumvi ya barabarani. Usiniletee ya mezani."

Dawa hiyo ni ya kienyeji kwetu, na si uchawi. Unajaza soksi chumvi, unaifunga, unailaza kwa urefu juu ya ukuta wa barafu, na chumvi inakata mfereji taratibu ili maji yapate njia ya kutokea. Corinne alikaa kwenye cherehani akaunganisha soksi mbili mbili ziwe ndefu. Dirisha la karakana yake linatokea juu ya paa la kibaraza cha jikoni, na ukinyoosha mikono kutoka dirishani unaufikia ukingo wa paa kubwa. Tukazilaza hapo soksi nene kama soseji, nyeusi, za rangi ya ngozi, na nyingine zenye maua.

Mtaa mzima ulikuja kutazama. Ukisimama nyuma ya nyumba yetu ulikuwa unaona miguu ya wanawake imening'inia kutoka paani.

"Norbert!" jirani mmoja aliita kutoka uani kwake. "Nasikia umeanza kufuga wake darini!"

"Wake zangu hawadondoshi maji sebuleni," nikamjibu, ingawa kusema kweli sikuwa na mke hata mmoja.

Chumvi ilifanya kazi. Barafu ilianza kutoboka, maji yakapata upenyo, dari ya Corinne ikapumzika, na Bi Lempi akawa anapita na fimbo yake kama jemadari. Lakini theluji nzito ikaanguka tena na baridi kali ikafuata, soksi zikazikwa humo humo ndani ya barafu, maua na yote, na ukuta ukawa mnene kuliko mwanzo. Dirisha la karakana lenyewe likagandishwa, halifunguki. Maji yakarudi. Corinne akaweka ndoo, akaweka sufuria, akaweka na bakuli la paka.

"Nitahama," aliniambia kwenye ngazi. Hakupiga kelele safari hii, ndiyo maana nilimwamini. "Mzee, mimi nampenda huyu mama. Lakini siwezi kumkabidhi bibi harusi gauni lenye rangi ya matope. Nikimpoteza mmoja, wote wananipotea."

Nilifanya kosa la kumfikishia Bi Lempi maneno hayo.

Asubuhi iliyofuata nilisikia kitu kikigonga ukuta wa nyuma. Nilitoka na kikombe changu mkononi, nikamkuta ameshaegemeza ngazi kwenye kibaraza. Alikuwa amevaa ovaroli yake ya kazini ya zamani, shoka la mkono limechomekwa kiunoni.

"Bi Lempi, daktari..."

"Daktari yuko mjini kwake Marquette. Shika ngazi."

"Hiyo nyonga bado..."

"Norbert, ngazi unashika au unaihutubia?"

Nikashika. Mnaweza kunilaumu, wengi wamenilaumu. Lakini nani kati yenu aliwahi kumkatalia Bi Lempi Saarela? Alipanda akisaidiwa na mikono zaidi kuliko miguu, akafika juu ya paa la kibaraza, akaisafisha theluji kwa buti lake, akasimama wima. Ukingo wa paa kubwa ulikuwa usawa wa kifua chake. Ndani ya dirisha, Corinne alikuwa amesimama akimtazama, viganja vyote viwili vimebandikwa kwenye kioo.

"Shuka!" nilimsikia Corinne kupitia kioo, sauti kama ya mtu aliye ndani ya chupa. "Bi Lempi, shuka nakuomba!"

Bi Lempi alimpungia mkono na kuanza kupiga. Lazima niseme alipiga vizuri. Vipande vya barafu viliruka na kung'aa, na mimi nikarudi nyuma. Kisha shoka likaingia mahali pabaya. Kipande kizima cha ule ukuta, kirefu kama jeneza na soksi ndani yake, kikang'oka, kikateleza juu ya kibaraza pembeni mwa miguu yake, kikaanguka, kikaichukua ngazi. Ngazi ikalala chini, barafu juu yake, imepinda katikati kama kijiko.

Bi Lempi aliruka pembeni kukikwepa, na aliporuka, nyonga ikagoma. Nilimwona akikunja uso, akajishika kwenye ukingo wa paa kwa mikono miwili, na asisogee tena.

"Bi Lempi? Umeumia?"

"Sijaumia."

"Basi nilete ngazi nyingine?"

"Lete. Lakini mguu haukunjiki."

"Haukunjiki kabisa?"

"Norbert, mguu ukikataa kukunjika, hukataa kabisa."

"Basi niwapigie zimamoto?"

"Thubutu!" Sauti yake ilirudi yote. "Wale vijana nimewasafishia barabara tangu wako na chupa za maziwa. Waje wanibebe kama paka mtini? Thubutu uone!"

Nilipoinua macho, Corinne hakuwepo dirishani. Alikuwa ameshika simu. Niliingia ndani na kupanda juu haraka kadiri mgongo ulivyoruhusu, nikamkuta anasoma namba kwenye kijikaratasi alichokichukua dukani, cha fundi wa mapaa mwenye mashine ya mvuke ya kuyeyushia barafu. Katika Laurium yote mashine hiyo alikuwa nayo mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa Arvo Saarela, mdogo wake Bi Lempi, wa tumbo moja.

Corinne alikuwa mgeni, hakujua. Mimi nilijua. Nilijua kwamba tangu walipomzika mama yao wale wawili hawakusemeshana. Wakikutana dukani, mmoja alikumbuka ghafla kitu alichosahau kwenye rafu ya mbali. Nyumba mama alimwachia Lempi kwa sababu ndiye aliyemuuguza, na Arvo hilo hakuligombania. Ugomvi ulikuwa juu ya mtambo wa kufumia, wa mbao, wa mama yao, ambao juu yake mama alifuma mazulia ya vitambaa chakavu maisha yake yote. Arvo alikuja kuuchukua, akaambiwa na watu kwamba umeuzwa kwa wafanyabiashara wa vitu vya kale. Akasimama katikati ya ukumbi wa kanisa, watu wakinywa kahawa, akamwambia dada yake: umeuza mikono ya mama. Bi Lempi aliweka kikombe chini na kutoka. Basi.

Hayo yote niliyajua, na Corinne aliponiuliza, "Mzee, huyu anafaa?" nikamwambia, "Anafaa sana."

Lori la Arvo lilifika upesi, lina tangi la maji na boila la kutoa mvuke nyuma. Arvo alishuka, mtu mrefu, mkimya, ndevu zimeshika barafu kidogo. Akazunguka nyumba kwa mwendo wake wa pole, akafika nyuma, akainua macho.

Walitazamana.

"Nani kakwambia upande?" Arvo akauliza.

"Nani kakwambia uje?"

"Nimepigiwa simu nikaambiwa kuna mama mzee amekwama paani."

"Mama mzee!"

"Ndiyo maneno niliyoambiwa."

"Hapa hakuna mama mzee. Kuna mwenye nyumba anakagua mali yake."

"Naona," Arvo akasema. Akaitazama ngazi iliyopinda, akalitazama shoka, akautazama ukuta wa barafu na soksi ya maua iliyochomoza kutoka ndani yake. "Na hii ni nini, dada?"

Neno hilo, dada, lilimtoka bila yeye kulikusudia. Niliona Bi Lempi amelisikia. Aligeuza uso kuelekea dirishani.

"Ni soksi," alisema. "Zimejaa chumvi. Baba alikuwa anafanya hivyo."

"Baba alikuwa anatumia magunia."

"Magunia sina."

Arvo aliwasha boila, akaegemeza ngazi yake mwenyewe, akapanda na mpira mrefu wenye mdomo wa shaba. Mvuke ukatoka ukivuma, na pale ulipogusa, barafu ililainika na kukatika kama siagi. Hakuanza na paa. Alianza na dirisha. Alizunguka fremu yote taratibu mpaka Corinne alipoweza kulisukuma kutoka ndani likafunguka, kisha akaweka mpira chini, akamshika dada yake makwapani.

"Nitakuingiza. Utangulie miguu."

"Najua kuingia dirishani. Nilikuwa natorokea hapa kabla wewe hujajua kutembea."

"Basi ulikuwa unakunja mguu. Usijitikise."

Ndivyo Bi Lempi alivyorudi ndani ya nyumba ya wazazi wake, amelala chali, mguu umenyooka kama mlingoti, Arvo akisukuma kutoka nje na mimi na Corinne tukivuta kutoka ndani, tukakanyaga ndoo, sufuria na bakuli la paka. Tulimweka kwenye kiti. Paka akamrukia mapajani, jambo ambalo paka yule hakuwahi kulifanya kwa binadamu mwingine.

Arvo alifanya kazi mpaka mchana. Alikata ile barafu vipande vya kubebeka, akaviteremsha kimoja kimoja bila kukwaruza kigae. Bi Lempi alikaa pale kwenye kiti, anatazama dirishani mikono ya mdogo wake ikipita. Kuna wakati alisema, si kwa mtu fulani, "Anashika mpira chini sana. Atachoka bega." Na baadaye kidogo, "Lakini kazi yake safi."

Alipomaliza, Arvo aliingia kwa mlango, akavua kofia.

"Ya nje nimeitoa," alisema, akimwelekea Corinne, kwa kuwa bado hakujua amwelekee nani. "Itarudi. Paa halina kosa. Theluji hapa inayeyuka kutokea chini, na kwingine kote imekaa sawa. Kuna joto linapanda kutoka humu ndani. Lazima nione darini."

"Darini huendi," Bi Lempi akasema.

Sote tukamgeukia.

"Dada, nisipoona darini, nitakuwa nimekuja kufagia maji bomba likiwa wazi."

"Nimesema huendi. Kazi uliyoitiwa umemaliza. Ahsante."

Corinne alitoa pini mdomoni. Aliichomeka kwenye mto wake wa pini, akaja akapiga magoti mbele ya kiti cha Bi Lempi.

"Bi Lempi, nisikilize. Mimi sijui mna nini ninyi wawili, na sitauliza. Lakini nimelilaza gauni la mtoto wa watu kitandani kwangu, mimi nalala kwenye kochi. Huyu bwana asipopanda huko juu leo, kesho mimi natafuta nyumba. Nitalia nikihama, lakini nitahama."

Bi Lempi alimkuna paka shingoni. Kisha akaingiza mkono kwenye ovaroli, akatoa ufunguo mdogo wa kufuli, akaunyoosha, si kwa Arvo, bali kwangu.

"Mpeleke," alisema.

Mlango wa dari ulikuwa kwenye korido. Tulipanda, Arvo mbele na tochi. Nyumba zetu za zamani zilijazwa unga wa mbao juu ya dari, ndio blanketi la nyumba, unazuia joto lisipande. Nilitarajia kuona unga umelala sawasawa kila mahali. Upande wa mbele ulikuwa hivyo. Lakini upande wa nyuma, juu kabisa ya karakana ya Corinne, mtu alikuwa ameusukuma kando ukafanya vilima viwili, mbao za dari zikabaki uchi katikati. Ukiweka kiganja ulisikia joto la chumba cha chini. Juu yake upande wa ndani wa paa ulikuwa umelowa. Na kwenye uwazi huo, juu ya magogo mafupi ili usiguse unyevu, umefunikwa shuka safi lililofungwa kwa kamba pembe zote, ulisimama mtambo wa kufumia.

Arvo hakuwa na haja ya kufunua. Lakini alifunua. Zulia lilikuwa bado juu yake, limefumwa nusu, la mistari ya bluu na nyekundu, na nilitambua ile nyekundu ilitokana na shati kuukuu.

Alikaa juu ya boriti. Tochi ikawa inamulika miguu yake.

"Dada," aliita mwishowe, kuelekea kwenye tundu la mlango. Sauti haikuwa kubwa, lakini nyumba ilikuwa kimya na dirisha limefungwa. "Ulisema umeuuza."

Sauti ya Bi Lempi ilipanda kutoka chini. "Sikusema. Wewe ndiye uliyesema."

"Mbona hukukanusha?"

"Ulinisemea mbele ya kanisa zima. Ningekanusha na kikombe mkononi, watu wakitafuna keki?"

"Ungeniita pembeni."

"Na wewe ungeniuliza pembeni."

Arvo alifuta uso kwa kofia. Mimi nilitazama vilima vya unga wa mbao kwa makini kuliko vilivyostahili.

"Niliupandisha mwenyewe, kipande kwa kipande," Bi Lempi aliendelea, taratibu sasa. "Niliuunga huko huko. Sikuweza kuutazama pale sebuleni, na kuuuza sikuweza pia. Nilisukuma ule unga ili usichafue zulia. Sikufikiria joto. Nimeendesha lori la theluji maisha yangu yote, Arvo, na sikufikiria joto. Ungekuja kunisalimia tu hata siku moja, ningekuonyesha."

"Nilipita mara nyingi," Arvo akasema. "Nilikuwa napunguza mwendo."

"Nilikuona ukipunguza. Nilidhani breki zako mbovu."

Corinne, chini, akacheka ghafla, kicheko kilichochanganyika na machozi, na kicheko hicho kikampata Bi Lempi, na mara wote wawili wakawa wanacheka, na Arvo pale juu ya boriti mabega yake yakawa yanatikisika, ila yeye sikuweza kujua ni kicheko au ni kitu kingine, maana tochi ilikuwa imeanguka.

Tuliuteremsha mtambo siku ya pili yake. Arvo aliufungua kwa nyundo ya mbao, kila kipande akakiandika namba kwa chaki, na Bi Lempi kwenye kiti akasahihisha, "Hiyo si ya kushoto, wewe, hiyo ya kulia. Mama angekuchapa." Kisha Arvo akaurudisha ule unga mahali pake, akaujalizia pamba nene juu, akazibua na matundu ya hewa chini ya ukingo wa paa yaliyokuwa yameziba kwa viota. Mimi nilishika taa. Kila mtu alikubali kwamba niliishika vizuri.

Lile gauni nalo lilipona. Corinne alikata mkia wote uliokuwa na doa, akaweka mwingine wa lesi aliyoiweka akiba kwa miaka. Bibi harusi alipokuja kulijaribu alizunguka mbele ya kioo na kusema hakukumbuka kama lilikuwa zuri hivyo. "Niliongezea kitu," Corinne akamjibu, pini mdomoni, na hakusema zaidi. Hajahama mpaka leo.

Daktari wa Marquette alimgombeza Bi Lempi, akampa mazoezi, na safari hii aliyafanya. Mtambo uliungwa upya kwenye gereji ya Arvo, karibu na jiko la kuni. Alijaribu kumalizia zulia mwenyewe akaharibu mstari mzima, dada yake akaenda kulifumua, akabaki kufundisha, na tangu hapo kila Jumamosi anapita kule kabla ya wao kuingia sauna yao, kile chumba cha kuogea mvuke, wanatoka humo wekundu kama kamba wa kuchemsha, wanakula pasti, zile sambusa kubwa za nyama na viazi, wakibishana.

Majira yaliyofuata, theluji ya kwanza nzito ilipoanguka, nilikwenda nyuma ya nyumba na reki, peke yangu, bila kuambiwa. Theluji ilikuwa imekaa juu ya paa zima, sawasawa, nyeupe, bila shimo wala mkuki mmoja wa barafu. Nikaivuta hata hivyo.

Nikiwa pale lori la Arvo lilipita mtaani, na aliyekuwa kwenye usukani hakuwa Arvo. Bi Lempi alilirudisha lori lile kinyumenyume, boila na tangi, akalipenyeza kati ya nguzo na ua wa jirani kwa mkupuo mmoja, wakati Arvo amekaa upande wa abiria ameshika mlango kwa mikono miwili.

"Polepole, dada! Hili si la serikali!"

"Ukitaka polepole, shuka utembee."

Tangu siku hiyo wanafanya kazi pamoja. Arvo anapanda, Bi Lempi anaendesha, anatunza boila, na anapokea simu. Watu humpigia asubuhi wakiwa wamepagawa, maji yanadondoka kwenye televisheni, kwenye kitanda cha mtoto, kwenye piano. Anawasikiliza mpaka waishiwe pumzi. Namsikia nikiwa dirishani kwangu, ng'ambo ya barabara, maana ile sauti haijui siri.

"Ndiyo. Nimekusikia. Weka ndoo, chemsha kahawa, usiguse kitu. Tunakuja."